Mbuzi mchanga si gunia la mahindi

Wafanyabiashara wanaovuka mpaka Lwakhakha na Malaba, pamoja na wananchi wanaorejea kwao Mbale, wengi huweka akiba yao katika mbuzi. Ni uamuzi wa busara. Kosa ni kudhani kwamba kazi imekwisha mara fedha zinapolipwa.

Mbuzi mchanga aliyetoka safarini amechoka, ana kiu na tumbo lake halijazoea malisho mapya. Akishindiliwa pumba na mahindi siku hiyo hiyo, huvimbiwa, huharisha na huweza kufa. Apewe kwanza maji safi na nyasi kavu. Marando ya viazi na nafaka viongezwe kidogo kidogo, kwa wiki moja au zaidi. Ambaye hajaachishwa kunyonya asinunuliwe bila mama yake. Na kwa mvua za Mlima Elgon, banda liwe kavu na liinuliwe kutoka ardhini.

Kubwa zaidi ni maradhi. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Uganda mwaka 2007, huko Karamoja. Virusi vyake havina dawa, lakini chanjo ipo. Kwa hiyo mgeni atengwe wiki 3 kabla ya kuchanganywa na wengine, na asisafirishwe bila kibali cha ofisa wa mifugo.

Wapo wanaolalamika kuwa kibali ni usumbufu. Tunazitaka ofisi husika zikitoe bila kuwazungusha watu. Lakini anayepita njia za panya akumbuke kwamba zizi la jirani yake ndilo karo ya watoto wa jirani huyo.