Namba za kiwanja chako ni za mwaka gani?



Nimetoka zamu ya usiku hapa Dubai Marina. Wengi wetu tunanunua viwanja kwa simu: ndugu anatuma namba za ramani, sisi tunatuma hela. Tujihadhari. Ramani nyingi za zamani Tanzania zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960; ukiingiza namba zake kwenye simu bila kuzibadili, utasimama karibu mita 300 pembeni. Na ardhi yenyewe inasogea sentimita 3 hivi kila mwaka, hivyo hata namba sahihi huchakaa. Mfumo mpya, TAREF11, upo. Wodini hatumpimi mtoto kabla ya kurudisha mizani kwenye sifuri. Serikali ihamishie ramani zote huko, na kila namba iandikwe mwaka wake.

Nawasilisha.