Tusiwacheke Wanaochoma Maiti

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu huko mabwenini hulitaja kwa kicheko, nalo ni desturi ya Wahindu ya kuchoma maiti. Utasikia mtu akisema, "Hao jamaa hawana utu, mtu akifa wanamchoma tu kama takataka!" Mimi nakataa katakata.

Kwanza tuelewane: si kila Mhindi ni Mhindu. Wapo Wahindi Waislamu, kama vile Wabohora, nao huzika. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu.

Dini hiyo hufundisha kwamba ndani ya kila kiumbe mna roho, iitwayo atma, isiyokufa. Mwili ni kama nyumba ya kupanga. Muda ukiisha, mpangaji huhama. Roho huzaliwa tena katika mwili mwingine, na itakapozaliwa hutegemea matendo ya mtu, yaani karma. Tumaini kuu la Mhindu ni kwamba siku moja roho yake itatoka katika mzunguko huo wa kufa na kuzaliwa. Huko kutoka ndiko kuitwako moksha.

Sasa moto unaingia wapi? Moto huurudisha mwili upesi kwenye asili yake, ili roho isibaki ikiuzungukazunguka bali ishike safari. Kwa desturi, mwana wa kiume wa kwanza ndiye huuwasha. Jivu hutiwa mtoni au baharini. Kisha jamaa hufanya ibada kwa siku 10 hadi 13 hivi, na kutoa matonge ya wali kwa ajili ya marehemu. Je, takataka huombewa siku zote hizo?

Isitoshe, nyani haoni kundule. Sisi Wataita tulikuwa na desturi gani? Mzee alizikwa, na baada ya mwaka mmoja hivi kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa pangoni pamoja na mafuvu ya wazee wa ukoo wake. Mvua ikikosekana au maradhi yakizidi, watu walikwenda huko kuomba. Mafuvu mengine yapo mapangoni hadi leo. Mgeni asiyejua angetucheka, nasi tungekasirika, kwani tunajua ile ilikuwa heshima.

Tena Wahindu si wageni wa jana. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 na kupita hapa Voi, ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, Wahindu wakiwemo. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengine waliliwa na simba pale Tsavo mwaka 1898. Leo tunapanda gari na kuwacheka wajukuu zao!

Wala moto si wa Wahindu peke yao. Profesa Wangari Maathai alipofariki mwaka 2011, mwili wake ulichomwa Kariokor, Nairobi. Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana naye alichomwa mwaka 2005. Nani atathubutu kusema hao hawakuwa na utu?

Najua wapo watakaoniambia, "Dini yangu hairuhusu." Sawa kabisa. Mimi ni Mkristo, naamini ufufuo, na nikifa nizikwe kwetu mlimani. Lakini kutokubaliana si kutukanana. Mwenzetu mmoja alipofiwa na babu yake, badala ya kupewa pole aliulizwa, "Mmeshamchoma?" Watu wakacheka. Yeye alinyamaza, akainamia daftari lake. Huo si utani, jamani; huo ni ukatili.

Basi, ndugu zangu, tukitaka kujua desturi ya mtu, tumwulize kwa adabu, wakati unaofaa. Na akifiwa, neno ni moja tu: pole. Mwenye maoni tofauti na aandike katika toleo lijalo. Nitamsoma.