Pimeni Breki, Msipime Umri

Masika yakiingia Dar es Salaam, vitu viwili hujaa kwa pamoja. Bonde la Msimbazi hujaa maji, na simu zetu hujaa watu wanaotaka mikweche iondolewe barabarani. Pikapu ya zamani ikizimika kwenye maji pale Mkwajuni, aliye nyuma yake ndani ya gari la kiyoyozi anaipiga picha na kuirusha mtandaoni: "Haya magari bado yanaruhusiwa?" Kabla ya magharibi watu wameshakubaliana kwamba tatizo la mji huu ni chuma cha mwaka 1992. Hakuna anayeuliza lile dimbwi lina umri gani.

Mimi nauliza, na nauliza nikiwa upande wa chuma hicho kwa sababu kimenilisha. Mjomba wangu ana Toyota Hilux ya kabini moja, dizeli, injini ya 3L, iliyonizidi umri. Inabeba mabelo ya mitumba kupeleka Soko la Mchikichini, ambalo wengi wenu mnaliita Karume, na ikipata mzigo wa kurudi haibagui: vitanda, saruji, hata jeneza. Ada yangu ya shahada ya kwanza ilitoka kwenye bodi lile, na sehemu ya ada ya uzamili inatoka huko mpaka leo. Siwezi kujifanya mwamuzi asiye na upande. Lakini kuwa na upande si kukosa hoja, na hoja yangu ni hii: umri wa gari ni kipimo cha mvivu. Unasomwa kwenye kadi, mtu akiwa amekaa kitini. Breki haisomwi kwenye kadi. Mfereji ulioziba hausomwi kwenye kadi.

Wanaodhani gari la zamani linaishi kwa bahati na dua, waje Mchikichini mwezi wa pili, kabla mvua haijaanza. Hapo ndipo masika ya pikapu yanapoanzia.

Kwanza mipira ya waipa. Jua la Januari huikausha ikapasuka, na mwenye gari hagundui mpaka mvua ya kwanza, anapofuta kioo na kubaki na ukungu wa matope mbele ya macho. Kisha taa. Kisha waya wa arthi unaofungwa kwenye chesisi: ukishikwa na kutu, betri nzima itaonekana imekufa na utauziwa nyingine bila sababu. Kisha filta ya dizeli, ambayo chini yake ina koki ya kumwaga maji. Wakati wa masika koki hiyo hufunguliwa kila wiki, kwa sababu maji yakifika kwenye pampu na nozeli, gharama yake ni kazi ya mwezi mzima.

Halafu kuna visivyoonekana. Difu ina tundu dogo la kupumulia. Difu iliyopata moto ikizama ghafla kwenye maji baridi huvuta ndani chochote kilicho karibu, na tundu likiwa limeziba, itavuta maji kupitia kwenye sili. Fundi wa mjomba ameliunganisha tundu hilo na mpira mrefu uliopandishwa juu, nyuma ya bodi, ili difu ivute hewa hata magurudumu yakiwa majini. Baada ya mvua kubwa hulegeza nati ya difu na kutazama oili. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa hakuna mjadala, inamwagwa yote. Beringi za magurudumu nazo hufunguliwa, zikaoshwa, zikajazwa grisi mpya, maana beringi iliyonywa maji haisemi kitu leo. Itasema wiki tatu baadaye, ukiwa na mabelo sita mgongoni.

Na ipo kanuni inayozidi zote, ambayo fundi yule huirudia kila masika: likizimika majini, usipige stata. Sababu yake ni fizikia. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Maji yakiingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa, pistoni inayopanda inakutana na kitu kisichokubali kusogea, na konrodi inapinda. Gari lililosukumwa nje, likafunguliwa nozeli, likazungushwa mpaka maji yatoke yote, likabadilishwa oili, linaweza kurudi kazini kesho. Lililopigwa stata kwa pupa linatafutiwa injini nyingine. Nimekaa madarasani zaidi ya miaka kumi na saba. Kanuni nilizofundishwa ambazo hasara ya kuzivunja inaonekana haraka namna hiyo ni chache.

Sasa tuitazame sheria. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikufunga mlango, bali inalitoza ushuru wa ziada gari lililozeeka linapoingia. Hizo ni sheria za mlangoni na zina sababu zake, kwani hakuna nchi inayotaka kugeuzwa jalala la wengine. Kinachonitisha ni fikra hiyo inapohamia ndani ya nyumba, pale watu wenye elimu kama yangu wanapotaka gari lililokwisha lipiwa, lililosajiliwa na linalofanya kazi liondolewe kwa kuwa tu lilizaliwa zamani.

Ukiliondoa, mjomba haendi kununua Hilux mpya. Anachukua mkopo wa kausha damu ili apate kirikuu, au anarudi kubeba mizigo kwa kichwa kama alivyoanza. Wanaoandika "yaondolewe" wanaandika kana kwamba gari mpya limeegeshwa mahali linasubiri maskini aamue.

Angalieni na lugha tunayotumia. Uingereza, tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 bila kufanyiwa mabadiliko makubwa halilazimiki kupita kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Siombi msamaha wa namna hiyo kwa mtu yeyote, naona ni hatari. Ninachotaka mwone ni kwamba chuma kizee cha Mwingereza kinaitwa urithi, na chuma kizee cha Mchikichini kinaitwa mkweche. Kutu ni ile ile. Aliyeshika usukani ndiye tofauti.

Kama umri ndio unaozimisha magari, basi mtu atueleze Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 yakiwa mapya. Karakana yao iliwekwa Jangwani, ndani ya bonde la mto uliokwisha kuonyesha tabia yake: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika mji huu, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mto haukuwa umeficha kitu. Maji yakaivamia karakana ile, na si mara moja. Barabara ya Morogoro nayo imefungwa pale mara nyingi kiasi kwamba hatushangai tena, na ikifungwa, basi la kisasa na pikapu ya 1992 husimama foleni moja. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa bonde la Msimbazi, ukiwamo ujenzi wa daraja jipya Jangwani. Waliofanya hesabu walijua tatizo liko wapi. Hakuna aliyekopa dola milioni 200 ili kuondoa mikweche.

Najua jibu linalokuja: "Lakini yanaua." Ni kweli, na hapa sitawabembeleza wenzangu. Tairi kipara kwenye lami yenye maji huua. Breki za ngoma zilizotoka dimbwini, dereva asizikaushe kwa kukanyaga pedali taratibu kabla ya kuongeza mwendo, huua. Pikapu isiyo na waipa inayotembea na kitambaa cha kufutia kioo kupitia dirishani ni jeneza lenye namba ya usajili. Mwenye gari akikwambia "hali ngumu, mdogo wangu", mwambie umaskini haushiki breki. Kama huna hela ya liningi, huna hela ya kutoka siku hiyo. Moshi nao si hadithi. Moshi mweusi wa dizeli unaingia kwenye mapafu ya mama lishe aliyekaa kando ya barabara, na yeye hakupanda gari la mtu.

Ila tazama orodha hiyo tena. Tairi, breki, waipa, nozeli chafu, filta ya hewa iliyoziba. Hakuna hata kimoja ambacho ni umri. Vyote vinaweza kuwa vibovu kwenye gari la miaka mitano na vizima kwenye gari la miaka thelathini. Vyote vinapimika. Tatizo ni kwamba kuvipima kunahitaji mashine ya kupimia breki, mkaguzi aliye tayari kulala chini ya gari, na rekodi zinazotunzwa. Stika kwenye kioo haipimi kitu, na mwaka wa kutengenezwa nao haupimi. Ndiyo maana nasema ni kipimo cha mvivu: kinampa mwenye mamlaka hisia ya kuchukua hatua bila kuinama.

Kuna jambo jingine linalopotea tunapodharau mkweche, nalo ni ujuzi. Kuanzia Gerezani mpaka Shauri Moyo wamekaa watu wanaoweza kusikiliza injini na kukuambia nozeli ya ngapi inavuja. Ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Miaka ya mwishoni mwa sabini na ile ya themanini, nchi ilipokosa fedha za kigeni na spea zikaadimika, magari yaliendelea kutembea kwa sababu mafundi walijifunza kuchonga, kuunga na kuoanisha vitu ambavyo kiwandani havikukusudiwa kukutana. Joshua Grace, mwanahistoria wa Marekani, aliiandikia historia hiyo kitabu kizima, African Motors, kilichotoka mwaka 2021. Sisi tunaopita mbele ya gereji hizo kila siku tunaziita "bubu".

Kwenye semina zetu za uzamili tunajadili kwa heshima kubwa "haki ya kutengeneza". Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake mwaka 2024, kuwalazimisha wazalishaji wa bidhaa kama mashine za kufulia na simu wazitengeneze badala ya kumlazimisha mnunuzi kutupa. Tunapiga makofi. Kisha tunatoka nje, tunakutana na fundi aliyeifanya pampu ya dizeli iishi miaka thelathini, na tunataka afukuzwe barabarani kwa sababu za usafi wa mji. Tunayapenda mawazo yetu wenyewe yakirudi kwetu na lafudhi ya kigeni.

Sisemi fundi wa mtaani hakosei. Wapo wanaopulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu, oili inayolainisha bushi za mpira mpaka zinaoza na kumwagika kwenye mfereji ule ule tunaoulalamikia. Dawa yake ni mafunzo. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Utaratibu huo upelekwe gereji kwa gereji, usisubiri fundi aache wateja akautafute.

Basi tudai vitu vinavyoeleweka. Kila gari la mizigo, liwe la 1992 au la mwaka jana, lipimwe kwa mashine kila mwaka mwezi wa pili, kabla ya masika: breki, tairi, taa, waipa, usukani, moshi. Mwenye gari apewe karatasi inayotaja kilichofaulu na kilichoshindwa, na siku za kurekebisha. Lililoshindwa mara ya pili lisimame, na mjomba wangu asiachwe kwa sababu ya mvi zake. Likifaulu, tusilisumbue.

Na mtu asituambie hatuna haki ya kudai. Katika bajeti ya 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, zikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Maana yake pikapu inayozunguka kutwa kati ya Kariakoo na Mchikichini inachangia kuliko gari la kifahari linalolala getini Jumatatu hadi Ijumaa. Mkweche umelipia barabara hii. Umelipia na mfereji wake.

Tuko tayari kupimwa. Tutaleta pikapu mwezi wa pili, asubuhi na mapema, na fundi atakuja nayo kujibu maswali. Mkishamaliza kupima breki zetu, tutaomba nasi tupime mifereji yenu.