Motokaa Isiyotaka Kuwaka Alfajiri

Katika nyumba nyingi za bara, motokaa kuukuu ya petroli ndiyo ipelekayo watoto chuoni na mgonjwa hospitali. Ifikapo Juni na Julai, baridi ikatanda Njombe, Lushoto na Limuru, motokaa hiyo hukataa kuwaka alfajiri; na saa nne, jua likisha kupanda, huwaka kana kwamba haikuwa na neno. Huitwa fundi, akabadilisha plagi, kisha koili, kisha betri, na kila kimoja chalipiwa. Vijana wametuuliza la kufanya. Twawajibu kuwa yafaa kwanza kujua motokaa yakosa nini, ndipo mfuko ufunguliwe.

Injini ya petroli yataka mambo matatu: izungushwe kwa nguvu, ipate cheche, na ipate petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake. Baridi huyadhuru yote. Oili huwa nzito, betri hupungukiwa na nguvu, na petroli haigeuki mvuke upesi, bali hunata katika kuta za njia yake kabla ya kufika ndani ya silinda.

Basi anzeni kwa kusikiliza stata. Ikizunguka kwa uzito, au ikigonga tu pasi na kuzunguka, tazameni betri na vichwa vyake. Vikiwa vimeota unga, vikwanguliwe na kukazwa. Betri iliyojaa, ikipumzika usiku kucha, huonyesha volti 12.6 au karibu yake. Ikionyesha 12 tu, imekwisha karibu yote. Tena kuna jambo linalowapita wengi. Betri dhaifu yaweza kuizungusha injini, lakini stata ikala umeme mwingi hata koili isibakiwe na wa kutosha kutoa cheche. Mwenye motokaa husema betri ni nzima kwa kuwa stata yapiga, kumbe sivyo.

Stata ikiwa haina kasoro, fungueni plagi moja mara tu baada ya kujaribu kuwasha. Ikiwa kavu, petroli haikufika ya kutosha. Ikiwa imelowa na yanuka petroli, ama cheche haipo, ama petroli imezidi. Asubuhi za ukungu, kofia ya distributa huingia unyevu ndani. Ifuteni kwa kitambaa kikavu, mkazitazame na pointi kama zimeungua.

Lakini motokaa ya kabureta isumbuayo wakati wa baridi tu, na mchana ni nzima, sisi twaielekezea choki kidole kabla ya kingine chochote. Choki ni kibati kidogo katika kinywa cha kabureta, na kazi yake ni kuzuia hewa ili petroli izidi kidogo. Ikiwa ni ile ya kuvutwa kwa mkono, ondoeni chujio la hewa, mmoja wenu avute kitasa ndani, mwingine atazame. Kibati kisipofunga, ugonjwa mmeuona, na mara nyingi ni waya tu uliolegea, ambao dawa yake ni bisibisi.

Wako pia wanaovuta choki mno na kukanyaga mafuta mara kumi, hata plagi zikalowa zote. Hao warudishe choki, wakanyage pedali mpaka chini na kuishikilia hapo, kisha wapige stata.

Motokaa za baadaye, zipulizazo petroli kwa kompyuta, hazina choki ya kuvuta. Kipima joto cha maji kikidanganya kwamba injini ina moto, petroli hupunguzwa isiwake. Hilo ni la fundi mwenye chombo cha kusomea.

Mawili twayakataza kabisa. Mtu asimimine petroli kinywani mwa kabureta huku mwenziwe akipiga stata: injini ikikohoa, moto hutokea pale pale, nao umewaunguza watu nyuso. La pili, msiipashe moto injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake, hasa choki ikiwa imevutwa, una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya mlangoni ikawaua waliolala chumba cha pili. Isukumeni nje kwanza, mbali na madirisha, ndipo muiwashe.