Neno Limefika, Kibaraza Hakijafika

Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilianzisha mikutano ya hadhara ambamo wananchi huwauliza watumishi wa umma namna fedha zao zilivyotumika. Mikutano hiyo ikapewa jina la Kiswahili: baraza. Sisi tunaofundisha lugha hii katika nchi ambayo kwa miaka mingi imeitazama kwa jicho la shaka, tulifurahi mno. Neno letu limepata kiti serikalini, tulisema. Hatukujiuliza kiti chenyewe ki wapi.

Kwani baraza si mkutano tu. Ni kikalio pia. Ni ule ukingo mpana wa mawe na chokaa uliojengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja, mpita njia apate pa kupumzikia, na mwenye nyumba apate pa kumpokea mgeni pasipo kumwingiza ndani. Watu walikaa hapo wakapashana habari na kusuluhishana. Aliyejenga nyumba yake alijua kwamba sehemu ya ukuta wake ni ya watu wa mtaa. Hicho ndicho tunachokiita kiwango cha ujenzi, ijapokuwa hapana aliyekipiga chapa.

Sasa tazameni majengo mapya ya Kampala. Kioo toka juu hadi chini, mlango mmoja wenye askari, na ukuta unaoshuka wima mpaka njiani. Mvua ya Aprili ikimwagika, aliye njiani hana pa kujibanza. Mji huu upo karibu sana na ikweta, na asubuhi na jioni jua hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima. Lakini kioo kimewekwa pande zote, kisha mitambo ya kupoza hewa inanunuliwa kwa fedha za kigeni, katika mji ulio mita 1,200 hivi juu ya bahari, ambako dirisha na kivuli vingalitosha!

Tutajibiwa kwamba viwango vipo. Ni kweli. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 iliweka bodi ya taifa na kamati za majengo katika wilaya na miji. Hatuidharau. Katika nchi ambako majengo yamewahi kuwaporomokea mafundi, kanuni ya nondo na zege ni jambo la uhai. Lakini jengo laweza kusimama imara miaka mia na bado likawa adui wa kila apitaye mbele yake. Tena sheria hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayepanga matofali hafanyi kazi yake kwa Kiingereza. Msikilizeni Mganda akiwa kazini: yeye mwenyewe ni fundi, dirisha kwake ni eddirisa, tofali ni ettaffaali. Msamiati wa kazi hii umekwisha kuvuka mipaka, tena pasipo msaada wetu walimu.

Wengine watasema tunatamani mambo ya kale ya pwani. La hasha. Mawe ya matumbawe hayawezi kubebwa hadi Mbale, wala hatusahau kwamba nyumba zile za mawe zilikuwa za wenye mali, na kwamba baraza lilikuwa zaidi la wanaume. Tunachokitaka ni njia ya kufikiri. Chumba cha nyumba ya mawe kilikuwa chembamba, upana usiozidi mita 3 hivi, kwa sababu boriti za mikoko zilizobeba dari hazikuweza kuvuka zaidi ya hapo. Mti ulitoa kipimo, na kipimo kikaupa mji sura yake. Je, udongo wetu wa matofali, mvua zetu mbili za mwaka na jua letu vimekwisha kuulizwa vinatoa kipimo gani?

Wala haitupasi kwenda mbali kutafuta mfano. Nendeni Jinja, katika barabara kuu ya mji. Maduka yaliyojengwa zamani na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi yametoa paa mbele, likashikwa na nguzo, na chini yake watu hupita bila kulowa. Cherehani huwekwa hapo, na wazee hukaa. Wengi wa wenye maduka walifukuzwa mwaka 1972; kivuli chao kimebaki kikiwatumikia hata wasiojua nani alikijenga. Na hapo hapo, jengo la kale likibomolewa, laweza kufuatwa na jengo lisilo na paa la mbele, na mpita njia akatupwa juani kwa hatua ishirini.

Kuna na ulaghai mwingine, nao hutuudhi zaidi: kuchora nakshi za mkeka juu ya zege na kuuita ukuta huo wa Kiafrika. Nakshi hazimkingi mtu mvua.

Twataka kamati za majengo ziandike, kwa lugha ambazo mafundi wanazitumia, kwamba kila jengo linalotazama njia ya watu litoe paa la kupitia na ukingo wa kukalia. Na kwamba kuta za mashariki na magharibi zipewe kivuli kabla ya kuruhusiwa kioo.

Na tuanze na shule, maana hapo hatuwezi kumsingizia tajiri yeyote. Shule moja tuijuayo ilipewa madarasa mapya yasiyo na veranda wala dari. Mvua ikinyesha juu ya mabati, sauti ya mwalimu hufa. Huandika ubaoni na kungoja. Watoto wa darasa jingine husimama nje, madaftari chini ya mashati, kwa kuwa hapana ukingo hata wa futi mbili wa kujihifadhi. Tulipouliza, tuliambiwa ramani ilikuja imekamilika. Tunaomba ramani ijayo iletwe kwanza mbele ya walimu na mafundi, ijadiliwe kwa lugha wanayoielewa wote, kabla ya msingi kuchimbwa.