Wageni wa Pasaka wanarudi: kilichobadilika na kisichobadilika

Mama, Pasaka inapokaribia, huenda ndugu wa Mbeya na Dar es Salaam wameshakupigia simu kwamba wanakuja Tukuyu. Masharti yalilegea: tangu Machi 2022, msafiri aliyekamilisha chanjo hakuombwa tena cheti cha kipimo cha UVIKO-19 alipoingia nchini. Lakini virusi havijaondoka.

Rungwe ina jambo lake. Aprili ni mvua na baridi, hivyo tunafunga madirisha na kubanana sebuleni. Virusi husambaa zaidi kwa hewa tunayovuta pamoja ndani, kwa hiyo kunawa mikono pekee hakutoshi. Acha dirisha wazi, hata kidogo. Mvua ikikatika, ndizi na chai ziliwe barazani.

Anayezidiwa mara nyingi si mtoto. Ni bibi, babu, au mwenye kisukari au shinikizo la damu. Kinga ya chanjo hujengeka baada ya wiki mbili hivi. Usisubiri wageni wafike mlangoni.

Kumzuia mgeni mwenye kikohozi si kumfukuza. Mwambie mapema: "Ukipona, karibu sana." Mtoto mchanga asibusiwe wala kupakatwa na kila mtu. Ukiugua wewe, vaa barakoa na uendelee kunyonyesha. Mtoto akipumua haraka, kifua kikibonyea au akishindwa kunyonya, mwahishe kituo cha afya saa hiyohiyo.