Wasifu wa Frateri Aliyerudi Nyumbani

Kila mwaka baadhi ya ndugu zetu huondoka seminarini kabla ya daraja. Wengine wametambua wenyewe kwamba wito wao ni mwingine, wengine wameelekezwa hivyo na walezi. Wakifika nyumbani huanza kuulizwa kazi, na wengi hututumia wasifu wao tuukague kabla hawajaomba. Tumesoma nyingi, na kasoro ni ile ile.

Kasoro yenyewe ni mpangilio. Ukurasa wa kwanza hujaa tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, shule ya msingi, hata mwaka wa kipaimara. Kisha miaka saba au minane ya malezi, falsafa na teolojia hubanwa katika mstari mmoja: “Masomo ya seminari kuu.” Mwajiri asiyejua mambo ya Kanisa ataelewa nini hapo? Wapo pia wanaoificha kabisa miaka hiyo, kana kwamba ni aibu, na kuacha pengo refu baada ya kidato cha sita. Mwenye kusoma hulijaza pengo hilo kwa dhana zake, na mara nyingi si dhana njema.

Lakini frateri aliyemaliza mwaka wa uchungaji parokiani amefanya kazi. Amefundisha dini sekondari, ameandaa semina za vijana, amepatanisha jumuiya zilizogombana juu ya michango. Aliyesimamia stoo ya seminari amepanga chakula cha watu wengi kwa muhula mzima, na anajua bei ya gunia la maharage kuliko wachumi wengi. Haya ndiyo yaanze juu kabisa, yakiwa na tarehe na hesabu: vigango vingapi, vipindi vingapi kwa wiki, watoto wangapi. Na yapangwe kulingana na kazi inayoombwa. Anayetafuta nafasi katika mradi wa kilimo aanze na shamba la seminari. Anayetafuta kazi na vijana aanze na semina zile. Shahada ifuate, sekondari ipewe mstari mmoja, shule ya msingi iachwe isipotakiwa.

Tusidanganyane, stoo haimfanyi mtu mhasibu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutaja elimu inayotakiwa, na asiye nayo hataokolewa na mpangilio wowote. Hutaka pia wadhamini watatu. Wengi huandika mapadri watatu. Tungependa kuona padri mmoja aliyekusimamia kazini, mkuu wa shule ulikofundisha, na mlei mmoja, kwa mfano mwenyekiti wa kigango aliyekuona ukitoa hesabu mbele ya watu.

Tumesikia pingamizi kwamba kujitanguliza hivyo ni kinyume cha unyenyekevu tuliofundishwa. Hatukubali. Aliyetunza fedha za kigango mwaka mzima na vitabu vikalingana, kisha akaandika “nilisaidia shughuli ndogondogo,” amemnyima mwajiri habari ya kweli, na pengine amewanyima wazazi wake msaada walioungojea miaka yote hiyo. Sababu ya kuondoka, hiyo si ya kuandikwa kwenye wasifu. Ikiulizwa kwenye usaili, sentensi moja ya kweli yatosha.

Walezi nao wana sehemu yao. Wapo vijana wanaopanda basi mara ya pili na ya tatu kufuata nakala ya matokeo yao, huku siku ya mwisho ya kuomba kazi ikipita. Tunaomba anayeondoka akabidhiwe siku hiyo hiyo hati zake za masomo, pamoja na barua inayotaja majukumu aliyoshika na tarehe zake. Kuiandika hakuzidi nusu saa.